Kipimo cha Msiba: Tulivyobishana Kuhusu Korona Morogoro

Tarehe 29 Aprili 2020 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba watu 480 walikuwa wameambukizwa korona na 16 wamekufa. Siku chache baadaye Zanzibar ikaongeza wagonjwa wake, jumla ikafika 509 na vifo 21. Baada ya hapo takwimu za taifa zilikoma kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtu wa Morogoro aliyetaka kujua kama ugonjwa huu ni mkubwa au mdogo ilimbidi atazame alichokuwa nacho: misiba ya mtaani kwake, malori yanayopita Msamvu, simu ya ndugu aliyeko Dar es Salaam, mahubiri ya Jumapili na hotuba ya Ijumaa, bei ya tangawizi na malimao sokoni, na video za Italia zilizozunguka WhatsApp. Kila mmoja akapima kwa kipimo chake, akapata jibu lake, kisha majibu hayo yakakutana sebuleni, kwenye daladala na msibani.

Wapo wanaosema ubishi ule ulikuwa kati ya waliosoma na wasiosoma, au kati ya wenye hofu na wenye imani. Siyakubali maelezo hayo. Morogoro ni mji wa vyuo: kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kipo Chuo Kikuu cha Waislamu, Mzumbe nayo haiko mbali. Wahadhiri walibishana na wahadhiri, wauguzi na wauguzi, mapadri na waumini wao. Kwa ninavyoona, watu wachache sana walikuwa wakibishania kirusi chenyewe. Walibishania mambo mawili: nani atalipa gharama ya tahadhari, na nani ana haki ya kuhesabu wafu. Ukitaka kuzungumza na mtu asiyeona ukubwa wa gonjwa, au anayeuona mkubwa kupita kiasi, bila kujua ni lipi kati ya hayo mawili linalomuuma, utatumia jioni nzima kujibu swali ambalo hakukuuliza.

Tuanze na kipimo cha macho. Katika vijiji vya milima ya Uluguru kama Kinole, Nyandira au Bunduki, nyumba zimetawanyika kwenye miteremko, watu wanashinda mashambani kwenye upepo, na watoto na vijana ni wengi kuliko wazee. Zaidi ya nusu ya Watanzania hawajafikisha umri wa miaka 20. Korona iliua zaidi wazee na watu wenye kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Kwa hiyo mkulima aliyesema "mbona huku hatufi?" hakuwa mwongo. Alisema alichokiona. Muuguzi wa mjini aliyekesha akitafuta mtungi wa oksijeni naye alisema alichokiona. Ukimwambia mmoja wao kwamba macho yake yamemdanganya, mazungumzo yameisha. Kinachowezekana ni kumwonyesha upande ambao macho yake hayafiki.

Upande huo upo, na mfano mzuri uko mwisho wa barabara inayopita Morogoro kwenda Zambia. Huko Lusaka, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walichukua sampuli za maiti 364 katika chumba cha kuhifadhia maiti cha hospitali kuu ya chuo kikuu. Wakati huo wengi walikuwa wakisema korona imeipitia mbali Afrika. Maiti 70 zilikutwa na virusi. Wengi wa marehemu hao walifia majumbani au njiani, na hakuna hata mmoja kati ya hao waliofia nje ya hospitali aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Kifo kilikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kukiandika. Shirika la Afya Duniani nalo, mwezi Mei 2022, lilikadiria kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 dunia ilipata vifo milioni 14.9 zaidi ya vile vya kawaida, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya korona vilikuwa takriban milioni 5.4. Takwimu rasmi ya Tanzania, nchi yenye watu milioni 61.7 kwa sensa ya 2022, ni vifo 846 tangu ugonjwa uingie. Nasema wazi nilipo: ugonjwa ule uliua watu wetu wengi kuliko walioandikwa. Sizungumzii namna ya kukaa katikati ya ukweli na uongo. Nazungumzia namna ya kumfikishia mtu jambo la kweli bila kumpoteza mtu mwenyewe.

Mazungumzo yetu yalivurugwa mapema kwa sababu kipimo cha maabara kiliondolewa mezani. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilipewa majina ya watu, zikapelekwa maabara ya taifa, na baadhi zikaonekana zina korona. Mkuu wa maabara alisimamishwa kazi. Tangu siku ile, ukimtajia mtu majibu ya kipimo alikujibu neno moja tu, papai, na watu wakacheka. Mjadala uliohitaji ushahidi ukabaki na misimamo. Mwezi Juni nchi ikatangazwa kuwa imeishinda korona kwa maombi. Februari 2021, wimbi la pili likiwa limeshika kasi, Rais alifika Morogoro kuzindua Soko Kuu la Chifu Kingalu, na umati uliokusanyika kumlaki ulikuwa kwa wengi ushahidi tosha kwamba hakuna tatizo. Mwezi huohuo, tarehe 17, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, alifariki, baada ya chama chake cha ACT-Wazalendo kueleza kwamba aliugua korona. Siku hiyohiyo alifariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Matangazo ya tanzia yalikuwa yakitaja nimonia na changamoto ya upumuaji.

Haki inataka niseme na upande wa pili. Waliopinga kufungia watu ndani walikuwa na hoja ya tumbo, na hoja ya tumbo ni hoja ya afya. Mama anayeshuka alfajiri na ndizi kichwani kutoka milimani hadi mjini hana mshahara wa kumngojea nyumbani. Lori la kabichi na karoti kutoka Mgeta likikosa soko Dar es Salaam, mzigo unaoza na ada ya shule inaoza nao. Kenya iliweka amri ya kutotembea usiku kuanzia mwisho wa Machi 2020, na siku za mwanzo watu walipigwa na kuuawa na polisi waliokuwa wakiisimamia. Uganda ilifunga shule karibu miaka miwili, hadi Januari 2022, na kuna wasichana waliopata mimba wakiwa nyumbani ambao hawakurudi darasani. Mtoto aliyeko London alipompigia simu mama yake Kihonda, Morogoro, kumwambia "mama, msitoke," na mama akamjibu "tutakula nini?", mama hakuwa amekana ugonjwa. Alikuwa ametaja gharama. Mtoto mwenye busara angetuma kwanza fedha ya wiki mbili, kisha ndipo aanze hotuba.

Uluguru ina kumbukumbu ya zamani inayoeleza mengi kuhusu gharama hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi milimani, uliojulikana kwa kifupi chake cha ULUS. Wataalamu walisema udongo wa Uluguru unamomonyoka, misitu inaisha, na mto Ruvu, unaonywesha Dar es Salaam, utajaa tope. Dawa yao ilikuwa matuta. Kila mlipa kodi alitakiwa kuchimba matuta ya ngazi kwa siku zilizopangwa, na aliyekataa alipelekwa mahakamani. Wataalamu hao hawakuzusha hatari: udongo ulikuwa ukienda kweli, na mpaka leo unakwenda. Lakini kwenye miteremko mikali udongo mzuri ni ngozi nyembamba, na kuchimba tuta kulifukua udongo wa chini usio na rutuba na kufukia ule wenye chakula. Mavuno yakapungua. Nguvu kazi ilikuwa ya mkulima, lakini faida, kwa macho yake, ilikuwa ya watu wa bondeni na wa mjini. Tena Mgeta, hukohuko milimani, kulikuwa na ngazi za kienyeji, ambazo magugu hufukiwa ndani yake badala ya kuchomwa, na hazikuhitaji mabavu.

Mwaka 1955 hasira zililipuka Matombo, hukohuko milimani. Umati ulikabiliana na wakubwa wa serikali, polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilipata wafuasi wengi milimani kutokana na jambo lile.

Nimelitaja kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna umbo la ubishi wa korona. Hatari ya kweli ilielezwa na watu wasiolipa gharama, dawa iliumiza kabla ya kuponya, na aliyeuliza swali alihesabiwa mkaidi. Mluguru wa 1955 alikataa matuta, na njiani akaishia kukataa hata kwamba udongo unamomonyoka, kwa kuwa kukubali tatizo kungekuwa kukubali jembe. Mwaka 2020 mwenye baa, mchungaji, dereva wa daladala aliyelazimishwa abiria wakae tu bila kusimama, kila mmoja aliona kwamba akikubali ukubwa wa ugonjwa atakuwa amesaini hasara yake. Mtu wa namna hii humshindi kwa grafu. Tenganisha tatizo na dawa. Mwambie: tuache kwanza habari ya kufunga au kutofunga baa, tuzungumze kama mzee wako yuko hatarini au hayuko. Akishajua kwamba kukubali la kwanza hakumlazimishi la pili, mara nyingi atakubali la kwanza mwenyewe.

Jambo la pili, haki ya kuhesabu wafu, lilionekana waziwazi zaidi mashariki mwa Kongo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Ebola ilipoingia Kivu Kaskazini na Ituri mwaka 2018, watu wa eneo la Beni walikuwa wamechinjwa na waasi kwa miaka, na kwa macho yao dunia haikuja. Ebola ilipokuja, dunia ikaja na magari meupe. Watu wakauliza, na wana haki ya kuuliza: kwa nini vifo hivi vinahesabiwa na vile havikuhesabiwa? Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola, ndipo wengi wakaamini kwamba ugonjwa ni siasa. Utafiti uliofanywa Septemba mwaka huo kwa watu wazima 961 wa miji hiyo miwili uliona kwamba robo yao waliamini Ebola haipo. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa hospitalini Butembo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kuisha, Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Mtu wa Butembo aliyesema Ebola ni biashara alikuwa akisema kwamba hesabu ya maisha yake haijawahi kuwa ya mtu yeyote. Ukimjibu kwa kueleza kirusi kinavyofanya kazi, umethibitisha shaka yake.

Kwetu ilikuwa kinyume: wafu wa korona ndio hawakuhesabiwa. Lakini jeraha ni lilelile. Ndiyo maana nadhani idadi iliyobadilisha mawazo ya watu wengi Morogoro haikutoka wizarani wala kwa Shirika la Afya Duniani. Mwanzoni mwa Machi 2021 Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padre Charles Kitima, alisema kwamba ndani ya miezi miwili mapadri zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki. Wamisionari Wakatoliki wako kwenye milima hii tangu karne ya 19. Bibi wa Matombo au wa Mgeta huenda hamjui mtaalamu wa takwimu hata mmoja, lakini sista aliyemfundisha mjukuu wake anamjua kwa jina. Hapo idadi ilikuwa na sura, na aliyeitoa hakuwa na sababu ya kuipandisha. Watu walioendelea kupinga walipinga kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo swali la nani aseme ni zito kuliko swali la nini kisemwe. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno kwenye ndoa, mirathi na mazishi. Mtoto aliyerudi kutoka chuo na kumhubiria baba yake habari ya msiba amekosea mlango. Na hata kwa mjomba haendi na amri. Chukua mfano huu, nilioutunga kutokana na mazungumzo ya aina niliyoyasikia mara nyingi.

— Shikamoo mjomba.

— Marahaba mpwa wangu. Umekuja kutukataza matanga?

— Sijaja kukataza, mjomba. Nimekuja kuuliza. Mwaka huu tumezika wangapi wa ukoo wetu?

— Wanne. Lakini walikuwa wazee, siku zao zilifika.

— Na mwaka jana?

— Mmoja.

— Mama mkubwa aliogeshwa na nani?

— Wadogo zake wawili. Yule mmoja bado anakohoa.

— Mjomba, Jumamosi ukipanga watu, ungependa nani wakae ndani na nani wakae nje chini ya mwembe?

Mpwa hakutaja kirusi. Hakumtaka mjomba akiri kwamba alikosea. Alimwachia hesabu aifanye mwenyewe, kwa wafu anaowajua, kisha akamkabidhi uamuzi ambao kwa mila ni wake. Mjomba anaweza kuwaweka wazee nje kwenye hewa na kupunguza waoshaji huku bado akisema korona ni ya Dar es Salaam. Sioni hasara. Waoshaji wawili badala ya sita ni watu wanne waliopona hatari, wawe wanaamini au hawaamini.

Wanasaikolojia wana njia inayofanana na hiyo. Mmarekani William Miller aliiandika mwaka 1983 kutokana na kazi yake na walevi: humlazimishi mtu, unamuuliza maswali yanayomfanya aseme mwenyewe sababu zake za kubadilika, na unamrudishia maneno yake. Huko Québec, Kanada, wahudumu walizungumza hivyo na wazazi waliotoka kujifungua kuhusu chanjo za watoto, na wazazi waliokusudia kuchanja wakaongezeka. Nafurahi sayansi imefika hapo. Wazee wetu wa mabaraza walikuwa huko tayari.

Uluguru ina chombo kingine ambacho sidhani tulikitumia ipasavyo, nacho ni utani. Mtani, awe wa ukoo mwingine au wa kabila jingine, anaruhusiwa msibani kufanya ambayo ndugu hawezi: kumkejeli mfiwa, kumzuia njiani, kusema ukweli mchungu mbele ya watu wote, na hakuna anayenuna. Anatoa huduma pia, kwa kuchimba kaburi na kushughulika na maiti. Fikiria mtani anayesimama mlangoni kwa mfiwa na ndoo ya maji tiririka, akimtangazia kila anayekuja kwamba wakwe wachafu hawaingii mpaka wanawe. Ndugu akisema vile ni tusi, afisa afya akisema ni amri ya serikali, mtani akisema ni mila. Wataalamu wa elimu ya afya walichapisha mabango mengi mwaka 2020. Sikumbuki bango lililowatafuta watani.

Lakini si kila anayebisha ni wa kuketi naye chini. Kuna mtu mwenye shaka na kuna mtu mwenye kipaza sauti. Mwenye shaka anauliza ili ajue, na kazi yako kwake ni ya faragha na ya subira. Mwenye kipaza sauti ana wafuasi, ana sadaka au ana kura, na maneno yake yanaua watu asiowaona. Huyo anajibiwa hadharani, lakini anayestahili kujibiwa ni wasikilizaji wake. Julai na Agosti 2021 Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, alihubiri dhidi ya chanjo. Alihojiwa na kamati ya Bunge, kisha akasimamishwa kuhudhuria mikutano miwili. Adhabu ile, kwa maoni yangu, ilimpa sura ya mtu anayezibwa mdomo, na wenye shaka waliokuwa wanayumba wakasogea upande wake. Jibu lenye nguvu zaidi lilikuwa lile la tarehe 28 Julai, Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeshika nafasi ya marehemu Magufuli, alipochanjwa Ikulu mbele ya kamera, na viongozi wa dini nao wakatoa mikono yao. Waumini waliona shehe na askofu wao wakichomwa sindano na kurudi salama.

Wakati huo lilijitokeza tatizo ambalo wanaoshauri kuhusu mazungumzo hulisahau: nchi yenyewe ilikuwa imegeuka. Januari 2021 wananchi waliambiwa chanjo hazifai. Julai zikafika dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson na wakaambiwa zinafaa. Aliyekuwa amemtii kiongozi kwa uaminifu alijikuta amebaki peke yake jangwani. Kumwambia "unaona sasa?" ni ukatili, na ni upumbavu pia, kwa sababu mtu akibanwa ukutani hutetea ukuta. Watu wa aina hii walihitaji njia ya kubadilika isiyopitia aibu. Kamati ya wataalamu chini ya Profesa Said Aboud, iliyokabidhi taarifa yake Mei 2021, iliwapa wengi njia hiyo: mtu angeweza kusema "sasa wataalamu wetu wenyewe wamechunguza" na kusonga mbele bila kumkana marehemu Rais Magufuli aliyempenda. Msisitizo kwenye wataalamu wetu wenyewe si jambo dogo.

Mwanzoni chanjo ilisuasua. Milimani ilikutana na hofu ya zamani: katika miaka ya ukoloni hadithi za mumiani wanyonya damu zilikuwa na nguvu sana Uluguru, na mgeni mwenye vyombo asivyovijua mtu alitiliwa shaka kabla hajafungua kinywa. Minong'ono ya 2021 kuhusu ugumba na namba ya mnyama iliota kwenye udongo huo. Mpango shirikishi na harakishi ulioanza Septemba 2021 ulibadili mwelekeo. Badala ya kungoja watu hospitalini, wahudumu walikwenda sokoni, kanisani, msikitini na nyumba kwa nyumba, wakiongozwa na mhudumu wa afya wa kijiji anayejulikana mama yake ni nani. Mwanzo wa 2022 waliochanjwa kikamilifu hawakufika asilimia 5 ya Watanzania. Mwanzo wa 2023 zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa wamechanjwa. Sindano ilikuwa moja badala ya mbili kwa wengi, na hilo lilisaidia. Lakini idadi ile haikupatikana kwa tangazo la redio. Ilipatikana kibarazani, kwa mazungumzo ya dakika kumi yaliyorudiwa maelfu kwa maelfu, na wahudumu waliofanya kazi hiyo kwa posho ndogo hawajashukuriwa vya kutosha.

Kuna swali moja ambalo ningependa kila upande ujiulize kabla ugonjwa mwingine haujafika: nikiona nini nitajua kwamba ni mkubwa kuliko nilivyodhani, na nikiona nini nitajua kwamba nimeogopa kupita kiasi? Likiulizwa mapema, kabla heshima ya mtu haijafungwa kwenye msimamo, linajibika. Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa ilipoua zaidi ya watu 100 nchini, Morogoro ikiwemo, watu waliacha nyama, mabucha yakadoda, kisha wakairudia ushahidi ulipobadilika, na hakuna aliyeitwa msaliti. Machi 2023, Marburg ilipoingia Kagera, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza idadi tangu siku ya kwanza. Wagonjwa walikuwa tisa, sita wakafa, na mwanzoni mwa Juni mlipuko ukatangazwa kuisha. Ubishi wa kutajika haukuwepo, kwa sababu hapakuwa na nafasi tupu ya ubishi kuijaza.

Kwa Morogoro nafasi hiyo tupu inaweza kuzibwa tangu sasa, na si kwa jambo geni. Kuanzia mwaka 1992 hadi 2004 mradi wa Wizara ya Afya, ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle, ulihesabu vifo katika sehemu tatu za nchi: Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Mtu wa kijijini alitoa taarifa ya msiba, kisha aliyefundishwa akaenda kwa wafiwa baada ya matanga, akaketi nao, akawauliza marehemu aliugua vipi, na madaktari wakaamua sababu ya kifo kutokana na majibu hayo. Huko Ifakara, mkoani humuhumu, kaya za Kilombero na Ulanga zimefuatiliwa namna hiyo tangu 1996. Na kila msiba wa Uluguru tayari una daftari la rambirambi, lenye tarehe, jina la marehemu na jina la kila aliyeleta mahindi au shilingi. Mtendaji wa kijiji akikaa na wenyeviti wa vitongoji mara moja kwa mwezi na kunakili kutoka humo tarehe na umri tu, Kinole itakuwa na idadi yake kabla Dodoma haijatangaza chochote, na mjomba ataweza kuikagua jina kwa jina.